Tumbo la Mzee Kihwelo

Mama mkwe wangu hakosi siku. Tukifika kufungua maabara tunamkuta tayari kwenye benchi la nje, kitenge kimemzunguka mpaka kidevuni kwa baridi ya Iringa, chupa ya uji iko mapajani. Mlinzi alishaacha kumwomba kitambulisho. Anamwambia, "Kamwene, mama," naye anaitika, "Kamwene," kisha anapita moja kwa moja hadi chumba cha mapacha, kwa mwendo wa mtu anayekwenda wodini kumwona mgonjwa wake.

Mgonjwa mwenyewe, Mzee Yustini Kihwelo, tulimzika msimu wa mvua uliopita baada ya moyo wake kusimama akiwa shambani. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na bega langu halijasahau, maana mzee alikuwa pande la mtu. Kilichobaki juu ya ardhi ni tumbo lake.

"Shikamoo, mama," nilimwambia asubuhi ile, macho yangu nikiyaelekeza kwenye vigae.

"Marahaba, mkwe. Ameamkaje?"

"Ameamka vizuri."

Na kweli alikuwa ameamka vizuri. Kwenye skrini mstari wake ulikuwa umeanza kupanda tangu kandambili za mama ziliposikika koridoni. Nilifungua kabati la joto, nikavuta taratibu chupa yake ya kioo. Humo ndani, kwenye maji ya vuguvugu, lilielea tumbo dogo kiasi cha ngumi ya mtoto, la rangi ya waridi, likijikunja na kujikunjua bila haraka. Lilikuzwa kutokana na seli chache tulizozikwangua kwenye ukuta wa tumbo la mzee alipokuwa hai, likaota ute wake, asidi yake, misuli yake, mishipa yake ya damu na neva zake. Kila mgonjwa wetu wa vidonda vya tumbo anakuziwa pacha wa namna hiyo. Mgonjwa anameza kidonge kidogo kinachokaa tumboni na kutuma habari, na pacha anapewa kile kile alichokula mwenzake. Dawa tunaijaribu kwa pacha kwanza. Pacha akikataa, mgonjwa hapewi.

Mzee Kihwelo alikuwa na vidonda tangu ujanani, na hakuna mgonjwa aliyetusumbua kama yeye. Alikuwa anatuapia kwamba ameacha pombe ya ulanzi, na wakati huo huo pacha wake kule maabara yuko mwekundu, anatapatapa. Nikimpigia simu anakana kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Ksaveri, hilo tumbo lenu ndilo linalokunywa," alinijibu siku moja, "mimi niko kwenye mbaazi zangu hapa." Nilicheka mpaka nikakata simu. Mimi ni Mngoni wa Songea, yeye Mhehe, na babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka wakawa watani. Nilipomwoa binti yake, Imelda, nilijaribu kuwa mkwe mwenye adabu. Alinikataza. Alisema kwake mimi ni mtani kwanza, adabu nimpelekee mama mkwe.

Basi nikampelekea. Simtazami usoni, sili mbele yake, wala siongei naye mambo ya mwilini, na jambo hilo la mwisho ni mzigo kwa mtu ambaye kazi yake ni matumbo. Kosa lililomleta maabara lilianzia msibani. Sisi watani tuna ruhusa ya kusema lolote kaburini, nami nilipiga kelele kwamba Wahehe wanamzika mzee wao nusu, tumbo lake wameliacha kwangu na linalia njaa. Watu walicheka, padri naye akainama kuficha meno. Mama mkwe, Mama Ludovika, hakucheka. Kesho yake alikuja na chupa ya uji. Nilitaka kumwambia kwamba ule ulikuwa utani, lakini mkwe anamwambiaje mama mkwe neno kama hilo? Nikaufungua mrija wa kulishia.

"Leo nimemwekea ulezi na ndizi kidogo," alisema sasa, akimimina kwenye kikombe chetu cha vipimo. "Jana alimaliza?"

"Alimaliza, mama."

"Haya, baba Imelda. Pokea."

Mlango wa juu wa lile tumbo ukalegea kabla uji haujafika. Kwangu hulegea nikiusukuma kwa dawa, tena kwa shida. Daktari Subilaga, mkuu wetu, anasema ni neva tu zilizozoea mtikisiko wa sauti fulani, kama mbuzi anavyozoea kengele. Huenda ni kweli. Mimi nimemwangalia yule mama akimsimulia pacha habari za kuku wake, na nimeuona mstari ukitulia, ukawa na mawimbi marefu mazuri ambayo hatuyaoni kwa pacha mwingine yeyote. Sina jina la kitaalamu la jambo hilo.

Alipomaliza akasuuza kikombe, akakifuta. "Na Imelda? Ile malaria yake haijaisha tu? Kila nikitaka kuja anasema nisisumbuke."

"Anaendelea vizuri, mama."

Uongo ule niliubeba mpaka hospitali jioni.

*

Imelda alikuwa amelala kwenye kitanda cha dirishani. Nje, miteremko yote kadiri unavyoweza kuona ilikuwa miparachichi, na ndege zisizo na rubani zilikuwa zikipita na vikapu vya matunda. Siku hizi nyanda za juu zimekuwa shamba moja. Mke wangu anafundisha hesabu sekondari, na hata pale kitandani alikuwa akisahihisha madaftari ya watu, mkono mmoja ukiwa na dripu.

"Umekuja na sura ya mtu aliyegonga gari la wenyewe," aliniambia.

"Daktari amekueleza?"

"Amenieleza." Akafunga daftari. "Njoo ukae. Usisimame kama mdai."

Nikakaa. Nikaushika mkono wake, ulikuwa wa baridi na mweupe kwenye kucha. Alikuwa ametapika damu mara mbili juma lile. Ugonjwa ulikuwa ule ule wa baba yake, ila kwake ulikuja na hasira. Watu wa ukoo ule wana ute mwembamba tumboni, na asidi yao wenyewe inawatafuna. Dawa za kawaida za kupunguza asidi zilimvimbisha ini tukaziacha. Mpasuaji alitazama picha akasema ukuta umekuwa laini mno, uzi hautashika.

Ilibaki dawa ya kokwa. Ndiyo kazi ya maabara yetu. Kokwa la parachichi, ambalo wakulima walikuwa wakilitupa marundo kwa marundo, tunalikausha, tunalisaga, tunalikamua na kuchuja mpaka tubaki na maji ya rangi ya chungwa. Maji hayo yakishuka tumboni yanatandaza utando mwembamba juu ya kidonda, kama ule wa maziwa yaliyochemka yakapoa. Asidi inapita juu, chini nyama inajifunga yenyewe. Kwa watu wengi inatosha, na ziada inatoka bila madhara. Kwa watu wenye ute mwembamba haitoki. Inazama, inazifikia neva na kuzilaza, nazo haziamki tena. Tumbo linabaki mfuko. Mtu huyo hatakula kwa mdomo maisha yake yote.

Kipimo kikiwa kidogo hakiponyi, kikizidi kinaharibu, na mpaka kati ya hivyo viwili uko tofauti kwa kila ukoo. Ili kuujua mpaka wa Imelda tungehitaji pacha wake, na pacha huchukua miezi kukua. Daktari Subilaga hakuwa na miezi ya kumpa. Alikuwa na pacha mmoja tu wa damu ile.

"Hapana," Imelda alisema kabla sijafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema mumtie baba kidonda halafu mmwage dawa mpaka azime. Nimesema hapana."

"Imelda, yule si baba. Baba tumemzika."

"Mwambie mama hivyo." Akanitazama. "Umewahi kumwambia? Miezi yote hii?"

Nikatazama dripu yake.

"Mama aliolewa na miaka kumi na tisa. Hajawahi kuamka asubuhi bila kumpikia yule mzee. Akikosa mtu wa kumpikia atakaa akitazama ukuta, namjua. Mwache na mzee wake, Ksaveri. Mimi nitangoja pacha wangu akue. Na usimwambie ninaumwa nini, nakuomba. Akijua atajiona anachagua."

"Na wewe ukitapika tena kabla ya hapo?"

"Nitatapika kwa adabu," alisema, akatabasamu, na mimi nikakasirika. Nampenda mwanamke huyu kiasi kwamba utani wake ukigusa kifo natamani kumtikisa. Badala yake nikamtengenezea mto na kumpa daftari lake.

*

Kesho yake niliwahi kazini kabla ya wote, hata benchi la nje lilikuwa tupu. Nilikuwa na funguo na bomba la sindano lenye kilevi kikali cha kutia kidonda. Kilichokosekana ni sahihi ya mjane, kwa sababu sheria inasema pacha wa marehemu ni wa mwenzi wake. Lakini pacha hufa. Wapo waliokufa kwa umeme kukatika, na hakuna aliyeuliza.

Nilipovuta chupa ile, mstari kwenye skrini ukapanda. Alisikia nyayo. Alidhani ni kifungua kinywa.

Nikarudisha bomba mezani. Sisemi nilikuwa mwema. Niliona aibu, kama mtu aliyefumaniwa jikoni kwa watu, na katika aibu ile nikaelewa kwamba nilikuwa nimepanga kumwibia mama wa watu mumewe mara ya pili, kisha nikamwambie ni umeme.

Kandambili zikasikika. Mama Ludovika akaingia, akanyoosha chupa ya uji kwa mikono miwili kama kawaida yake, macho chini. Nikaipokea. Nikamimina kikombe kimoja hadi juu, na badala ya kukipeleka kwenye mrija nikakinywa mimi.

"Mkwe!" Alishtuka mpaka akanitazama usoni. Katika ndoa yetu yote hajawahi.

"Mkwe hayupo, mama. Mkwe nimemwacha getini. Aliye hapa ni Mngoni, mtani wa huyu mzee, na nimekuja kumdai." Nikafuta mdomo kwa mkono, nikageukia chupa ya kioo. "Wewe Mhehe! Umestaafu, sivyo? Umekaa ndani ya chupa kama achari, unaletewa uji wa ulezi, unabembelezwa, unajinyoosha!"

Mama Ludovika akaziba mdomo. Ile achari ilimpata, mabega yakaanza kutikisika.

"Hata haya huna. Wanaume wenzako wanafanya kazi. Binti yako yuko hospitali anatapika damu, na wewe unauliza leo kuna ndizi?"

Mabega yakasimama.

Pampu ya maji ya vuguvugu ilikuwa inanguruma chini ya meza. Nilijua nimeshavuka mahali ambapo siwezi kurudi, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, tukawa uso kwa uso.

"Damu," alisema.

"Damu, mama."

"Si malaria."

"Haikuwa malaria. Aliniomba nikufiche."

Nilimweleza yote. Nilimweleza habari ya ute, ya kokwa na ya ule mpaka tusioujua, kwamba Imelda amekataa, na sababu yake ya kukataa. Sikupunguza neno. Alisikiliza huku akisugua kioo kwa pindo la kitenge, ingawa kilikuwa safi.

"Mtamtia kidonda kwanza," alisema.

"Ndiyo. Kama cha Imelda."

"Ataumia?"

"Sijui, mama."

"Si ninyi mliomtengeneza?"

"Ni sisi. Ila hatujui. Ana neva. Anajikunja akiguswa na kitu kikali. Kama kuna mtu humo ndani anayesema 'naumia', hatuna chombo cha kumsikia. Daktari anasema hayumo. Mimi nikikaa na wewe hapa, siwezi kuapa."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani atalia. Badala yake akaanza kusimulia habari ya uyoga. Alisema mvua za kwanza zikinyesha watoto walikuwa wakirudi kutoka msituni na vikapu vya uyoga wa kila namna, mwingine hata bibi zao hawaujui. Mzee alikuwa akikataza mtu kugusa. Anapikiwa peke yake, anakula aina moja, anakaa kibarazani mpaka jioni, watoto wamemzunguka wanamtazama kama ataanguka. Asipoanguka, chungu kinaletwa. "Mwaka mmoja alitapika mpaka nikamwita padri," alisema. "Nikamwambia, Yustini, mpe hata kuku kwanza. Akaniambia kuku hana watoto wa kuwalinda."

Akaacha kusugua kioo.

"Ungemuuliza mwenyewe, asingekuacha umalize swali. Ila huyu hapa siwezi kumuuliza. Hapo ndipo pananiuma." Akanigeukia. "Na huyo mtoto! Ananionea huruma mpaka afe? Nani kamwambia nina mume tu, sina mwana?"

"Mama, ukisema hapana, hakuna atakayekulaumu. Mimi sitakulaumu." Niliposema hivyo nilijua nadanganya, naye alijua.

"Leta hiyo karatasi yenu nitie sahihi. Lakini kila kitakachoingia humu nitakiingiza mimi. Hatapewa sumu na mkono asioujua."

*

Daktari Subilaga alikuja na koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote, jambo ambalo hulifanya akiwa na wasiwasi. Alimsalimia mama kwa kupiga goti kidogo, kama desturi ya kwao Unyakyusa, kisha akasimama upande wa skrini.

Mama Ludovika alishika bomba nililompa. Akainamia kioo.

"Yustini, nisikilize. Leo si uji. Ninachokupa ni kibaya, kitakuchoma, na nakupa nikijua. Imelda anaumwa kama ulivyokuwa ukiumwa wewe. Tunatafuta dawa yake. Sikudanganyi, baba."

Mlango wa juu ukalegea. Ulilegea kwa ile sauti, upesi, kwa kuamini, kama kila asubuhi. Nilitamani ukatae. Kama ungekataa tungekuwa na sababu ya kuacha. Mama akaminya bomba.

Mstari ukaruka mpaka ukatoka juu ya skrini. Lile tumbo likajikunja likawa dogo kama limau, likafunguka, likajikunja tena, na doa jekundu likaanza kuenea upande wa chini. Daktari Subilaga, aliyekuwa akinifundisha miaka yote kwamba ni mazoea ya neva tu, aligeuka akatazama ukutani. Mama hakugeuka. Aliweka kiganja kwenye kioo na kukiacha pale, akinong'ona kwa Kihehe maneno ambayo sikuyajua yote.

Kipimo cha kwanza cha maji ya kokwa hakikufanya kitu. Cha pili kiliunda utando, ukachanika. Tulingoja, tukasafisha, tukampa cha tatu. Utando ukatanda taratibu kuanzia kwenye kingo za kidonda hadi katikati, ukashika. Damu ikakata. Mawimbi yakarudi, madogo kwanza, kisha yale marefu ya asubuhi. Lile tumbo likaanza hata kutoa asidi ya njaa.

"Ana njaa!" Mama alicheka huku machozi yanamtoka. "Mnaona? Amepona, ana njaa. Basi si mmepata? Tuishie hapo."

Nilimwangalia daktari. Daktari aliniangalia mimi, kisha akaona haya kunitupia mzigo ule, akausema mwenyewe.

"Mama, tukiishia hapa tumejua kinachoponya. Hatujajua kinachoharibu kiko umbali gani kutoka hapo. Imelda ana homa, mwili wake unaweza kunyonya zaidi kidogo ya huyu. Ule mpaka ukiwa mbali, atapona. Ukiwa karibu, tutakuwa tumempa sisi wenyewe kitakachomlaza tumbo. Ni lazima tuuone."

"Na kuuona ni kumpitisha."

"Ndiyo, mama."

Mke wangu alikuwa upande mmoja, na upande wa pili ni yule mzee aliyepona, mwenye njaa, aliyekuwa akijinyoosha kuelekea kwenye kiganja cha mkewe. Kama kuna haki katika jambo lile mimi sikuiona, na mpaka leo nikiitafuta naipoteza.

Mama Ludovika alifuta machozi kwa pindo la kitenge. Akachukua chupa yake ya uji, akamimina kijiko kimoja tu, akampa. Alimwacha amalize. Alingoja mawimbi yatulie. Kisha akanyoosha mkono kwangu, bila kunitazama, nikamwekea bomba la kipimo cha nne.

"Asante, baba Imelda," alisema. "Umefanya kazi."

Akaminya, na lile tumbo halikujikunja safari hii. Utando ulizidi kuwa mzito, ukapoteza rangi, na mawimbi yakawa yanafupika moja baada ya jingine mpaka mstari ukalala. Tumbo lilikuwa bado rangi ya waridi. Lilikuwa hai, linapata damu, halina kidonda hata kimoja. Mama akamwita. Akamwita kwa jina la ubatizo, akamwita baba Imelda, akamwita kwa jina jingine dogo la nyumbani ambalo halikunihusu. Hakuna kilicholegea.

"Mwite tena, mama," alisema Daktari Subilaga. "Tafadhali. Mara moja tu."

Akamwita tena. Kisha akaondoa kiganja kwenye kioo, na alama ya vidole ikabaki pale kwa mvuke, ikafutika.

Mpaka ulikuwa karibu sana. Kipimo cha tatu, kile kilichoponya, kilikuwa ukingoni kabisa. Tungempa Imelda kile, na homa yake ile, tungemharibu. Daktari alikigawa, akaagiza apewe kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Mama hakungoja kusikia hesabu. Aliuliza tu kama tunavizika vitu hivi. Nilimwambia huwa tunavichoma. Akaniambia nitafute kitambaa safi, na nimpigie padri.

*

Imelda aliponuna, alinuna kweli kweli. Alipojua tulichofanya alinigeuzia mgongo, na kila nilipomletea kijiko cha dawa alikinywa kama ananitemea. Sikujitetea. Siku ya tano damu haikuonekana tena kwenye choo wala kwenye matapishi, na matapishi yenyewe yakakoma. Siku ya saba aliniuliza madaftari ya kidato cha tatu yako wapi, nikajua nimesamehewa, au angalau nimeahirishiwa kesi.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa wima, nywele amechana.

"Ksaveri," alisema, "nina njaa."

Nilisimama pale mlangoni kama bwege. Neno lile nilikuwa nimelingoja kwa namna ambayo siwezi kueleza, na lilipokuja nilichoweza kufanya ni kupiga simu. Mama Ludovika alifika akihema, na chupa ya uji na bakuli limefunikwa kwa sahani. Alimmiminia, akapuliza, akamlisha kijiko cha kwanza mwenyewe, akamtazama kooni mpaka uji uliposhuka. Tulingoja wote watatu. Imelda akafumba macho.

"Unauma?" mama aliuliza.

"Hauumi." Akafumbua macho. "Mama, hauumi kabisa."

Akala cha pili, na cha tatu. Ndipo akamtazama mama yake vizuri, kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Mimi, hata siku ile ya uso kwa uso, sikumtazama vizuri kwa sababu ya adabu, Daktari Subilaga kwa sababu ya skrini. Kitenge kilikuwa kimemzunguka mara mbili. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, na bangili ya shaba aliyovaa tangu ndoa yake ilikuwa imepanda mpaka karibu na kiwiko.

"Mama," Imelda alisema, "wewe umekula lini?"

Mama Ludovika akavuta kitenge mabegani. Alitazama kijiko, akatazama bakuli, kama mtu aliyeulizwa habari za mtu asiyemfahamu. "Nilikuwa napika," alisema hatimaye. "Nilikuwa napika kila siku."

Imelda akaligeuza bakuli, upande wenye uji mwingi ukamwelekea mama yake, na akamshikisha kijiko. "Kula."

"Ni cha kwako, mwanangu."

"Kula, mama. Tule wote."

Mkwe hamtazami mama mkwe akila. Nilitoka, nikarudishia mlango, nikasimama koridoni na kuegemea ukuta. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli mara moja, kikasita. Halafu kikagonga tena, na tena, na mimi nikalia pale pale mbele ya wauguzi bila kujificha.